Rezervuari ya okazyo: ya shasi moja, ya gari ndugu, ao ubaki na yako?

Hapa Goma tanki ya mafuta haikufi juu ya uzee peke yake. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji na mpaka leo barabara mingi za mu kartye ni jiwe tupu, jiwe ya kukata, na sisi tunapita pale na Corolla, na IST, na RAV4, gari zenye tanki inalala chini ya kiti ya nyuma bila kinga ya maana. Ongeza esansi ya kadhafi, ile ya kuuzwa mu bidoni kando ya barabara, mara ingine iko na maji ndani, na maji ni mazito kuliko esansi kwa hiyo inashuka inakaa chini kabisa, tanki ya chuma inaanza kuoza toka ndani wakati wewe unaiangalia kwa inje unaona iko muzima. Kisha siku moja ni harufu mu gari, fundi anainama, anapitisha kidole, anasema ile unaogopa: badilisha rezervuari.

Unashuka Birere, ao unapigia mtu wa pyesi simu, anakuuliza gari gani, unasema RAV4, anauliza ya mwaka gani, unasema 2002, anakujibu iko, leta makuta. Mazungumzo imeisha. Na ni pale watu banapoteza pesa, juu jina na mwaka haichagulii mtu tanki. Muuzaji hajadanganya, ni kweli ni tanki ya RAV4 ya 2002, lakini RAV4 ya 2002 ziko aina kadhaa na chini hazifanane.

Mwaka dhidi ya code ya shasi

Fungua kapo (boneti), tafuta plaki ndogo ya chuma. Gari zenye zilitengenezwa kwa soko ya Japani hazina ile namba ndefu ya alama 17 yenye gari za Ulaya na Marekani ziko nayo, ziko na code fupi na namba nyuma yake, mfano NZE121 kisha kistari kisha tarakimu saba. Ile code njo kitambulisho ya gari yako. NZ inatoka ku moteri (1NZ-FE), E ni familia ya Corolla, 121 ni toleo. Badilisha tarakimu moja tu, NZE124, na umeshaingia mu gari ingine chini: 121 inavuta mbele, 124 ni 4x4. Kwa juu ni Corolla ileile, taa ileile, kiti ileile, mwaka uleule.

Weka hizi mu kichwa kama unatafutia gari ya hapa:

IST: NCP60 na NCP61 zinavuta mbele, NCP65 ni 4x4.
Probox: NCP50 na NCP51 zinavuta mbele, NCP55 ni 4x4.
Premio na Allion: ZZT240 inavuta mbele, ZZT245 ni 4x4.
RAV4 ya pili (2000 mpaka 2005): ACA20 na ACA21 ni 4x4, ZCA25 na ZCA26 zinavuta mbele.

Umeona mtego? Kuna mafundi banapenda kusema "ikiishia na 5 ni 4x4, basi." Ku IST, Probox na Premio iko kweli. Ku RAV4 ni kinyume, yenye kuishia na 5 ao 6 njo haina 4x4. Kwa hiyo usichukue kanuni ya gari moja ukaipeleka ku ingine, soma code yote, piga plaki picha, na muuzaji pia akuonyeshe plaki ya gari yenye walitoa tanki ndani. Kama gari imeshakatwa na plaki imepotea, angalia kama ile code iliandikwa na rangi ao krayo juu ya tanki, bauzaji ba kazi muzuri wanafanya hivyo. Asipokuwa na plaki wala maandishi, hapo unanunua na macho na mita tu, inawezekana lakini bei inapashwa kushuka kabisa, na mukubaliane mbele ya shahidi kwamba isipoingia inarudi.

Kuna njia ya namba ya pyesi pia. Ku Toyota namba ya tanki inaanza na 77001, kisha kistari, kisha tarakimu tano, na mbili za kwanza mara mingi zinasema ni ya familia gani, 42 ni RAV4, 60 ni Land Cruiser. Katalogi za mu intaneti kama PartSouq ao Amayama zinapokea namba ya shasi na zinakuonyesha namba kamili ya tanki yako. Fanya ile hesabu na code ya gari yako, kisha na code ya gari yenye muuzaji anasema walitoa tanki. Namba zikitoka sawa, kazi imekwisha ata kabla ya kutoka kwako. Zikitofautiana kwa tarakimu za mwisho tu, angalia kama katalogi inasema moja ilichukua nafasi ya ingine. Usitegemee kusoma namba juu ya tanki yenyewe, stika imeshatoka kitambo na vumbi ya hapa.

4x4 dhidi ya yenye kuvuta mbele

Hii ninataka tukae nayo kidogo juu njo inaangusha watu mingi.

Gari yenye kuvuta mbele haina kitu kikubwa inapita katikati kwenda nyuma isipokuwa bomba ya moshi, kwa hiyo tanki inaweza kuwa bapa. 4x4 iko na kardani, ile chuma ndefu ya kuzunguka, yenye inatoka mbele mpaka ku difu ya nyuma, na lazima ipate njia. Kwa hiyo tanki za 4x4 mingi zinakunjwa kama tandiko ya punda, upande wa kushoto na wa kuume zinashuka, katikati inapanda ili kardani ipite chini yake. Sasa esansi ya upande mmoja haiwezi kuruka yenyewe kwenda ingine ikibaki kidogo. Ndani kuna kifaa kidogo yenye inatumia nguvu ya esansi ya pompi kuvuta ile ya upande wa pili, na tanki zingine ziko na flota (kipimo ya kimo ya esansi) mbili, moja kila upande, zote zinaongea na mshale wa tablo.

Matokeo kwa mununuzi ni hizi. Tanki bapa chini ya 4x4: haiingie, kardani inaikataa, na ukiona fundi anataka kuigonga na marto ili ipishe, chukua tanki yako uondoke. Tanki ya tandiko chini ya gari yenye kuvuta mbele: mara ingine inaonekana inaweza, nafasi iko, lakini mikanda ya chuma yenye inaibeba haikutani na matundu, bomba ya kujazia inakuja na pembe ingine, na ile kifaa ya kuvuta upande wa pili isipofungwa muzuri utakuwa unabaki njiani na esansi iko upande mmoja imelala. Mtu atakuambia "tutarekebisha." Kurekebisha mu kinywa ya garaji inamaanisha kukata mukanda, kutoboa shasi, na kuweka durite (bomba ya mpira) ndefu yenye inasugua ku chuma.

Kati ya tanki mbaya kwa sura lakini ya code yako, na tanki yenye inang'aa ya gari ndugu, yaani ya karibu na yako lakini si ya code yako, mimi ninachukua mbaya. Kutu ya inje unapiga brosi na rangi. Umbo haina dawa.

Esansi dhidi ya mazutu

Hapa si mambo ya harufu. RAV4 ya pili ilitoka pia na moteri ya mazutu (dizeli) kwa soko ya Ulaya, 1CD-FTV, Hiace na Prado ziko za aina mbili pia, na muuzaji atakuonyesha tanki yenye inakaa sawa kabisa kwa inje. Mazutu mu gari mingi inavutwa na pompi ya mbele ku moteri, kwa hiyo juu ya tanki kuna bomba ya kuvuta, bomba ya kurudisha, na flota, bila pompi ya umeme ndani. Ya esansi iko na tundu kubwa ya pompi. Ukinunua ya mazutu kwa gari ya esansi utakosa mahali ya kuweka pompi, na mtu atakuuzia pompi ya inje, na mambo itaendelea hivyo. Mdomo wa kujazia pia, ule wa mazutu ni mupana, ule wa esansi isiyo na risasi ni mwembamba. Kama aina ya moteri haifanane, usianze ata kuongea bei.

Na ata kati ya esansi na esansi hesabu mabomba. Gari za zamani kama RAV4 ya kwanza na moteri 3S-FE ziko na bomba ya kurudisha esansi toka ku moteri mpaka ku tanki. Zenye zilikuja nyuma, kama 1NZ-FE, nyingi hazirudishi, presha inatengenezwa mulemule mu tanki. Tanki ya moja haina mahali ya bomba ya ingine. Mununuzi yenye anakuja na picha ya juu ya tanki yake ya zamani, yenye inaonyesha kila bomba, anamaliza mabishano haraka.

Chuma dhidi ya plastiki

Ya chuma inaoza, ya plastiki haioze. Ya chuma ikipata tundu unaweza kuitengeneza, ya plastiki mara mingi unaitupa, hizo kola za kubandika zinashika wiki chache kisha esansi inazichubua. Ya chuma ikipigwa na jiwe inabonyea na inakuonyesha, ya plastiki inaweza kupasuka mustari mwembamba karibu na mahali inafungwa na usiuone mpaka ijae. Kwa barabara ya Sake ao ya Rutshuru mimi ninapenda chuma yenye ndani iko safi, lakini usibadilishe aina juu ya kupenda, gari yako ilikuja na gani njo utafute ileile, juu mikanda na vishikio vimetengenezwa kwa umbo yake.

Namna ya kupima ya chuma: simamisha mwanga wa jua kupitia tundu ya pompi, na kioo kidogo, uangalie chini na ku kona. Usiingize tochi yenye waya zinacheza wala simu. Funga sumaku ku uzi, zungusha chini, itoe. Ikitoka na ndevu nyekundu za kutu, ile unga itaenda ku kichujio ya pompi kila siku. Kwa moteri ya kawaida ni mateso ya filtri. Kwa ile ya D-4 (Toyota inaita hivyo moteri yenye kupuliza esansi moja kwa moja mu silinda), 1AZ-FSE yenye iko mu RAV4 mingi za Japani, ni mambo ingine kabisa, ile iko na pompi ya presha kubwa mbele na enjektere zenye hazipende uchafu, na bei ya kuzitengeneza inaweza kukufanya usahau bei ya tanki. Mwenye D-4 asinunue tanki yenye kutu ndani ata ikiwa ya code yake. Hii njo mahali pekee ninakubali usafi ushinde umbo, yaani subiri upate ingine.

Kwa plastiki, panguza mahali pote pa mikanda, pinda kidogo na mikono, tafuta mustari mweupe.

Kupima kuvuja, ziba matundu yote, bakisha moja, ingiza hewa kidogo na pompi ya mkono ya mpira wa kuchezea, paka maji ya sabuni ku mishono. Kompresa ya garaji hapana, tanki haikutengenezwa kubeba ile presha, inafura, inafunguka mishono na umenunua muvunjiko.

Ya Japani dhidi ya Ulaya dhidi ya Marekani

Haraka haraka. Gari za Marekani zenye zinapitia Dubai ziko na mambo mingi ya kushika mvuke wa esansi: sensa ya presha mu tanki, mabomba manene ya mvuke, juu kule sheria inalazimisha gari ijipime yenyewe kama mvuke inatoroka. Tanki yake ku gari ya Japani inakuachia vitundu vya ziada vya kuziba. Kinyume chake ni mbaya zaidi, tanki ya Japani ku gari ya Marekani inakosa sensa na taa ya moteri inawaka mu tablo haizimiki. Usukani wa kuume na wa kushoto, hii watu banauliza sana, mara mingi haina shida kubwa, lakini angalia mdomo wa kujazia iko upande gani wa gari na mabomba yanapita wapi.

Na pompi yake ao bila pompi

Muuzaji atakupa tanki "komple" na pompi ndani, na atapandisha bei juu ya ile pompi. Ushauri wangu, kama pompi yako ya zamani inafanya kazi, nunua tanki tupu, ao chukua komple kwa bei ya tupu na weka pompi ya okazyo pembeni kama akiba. Pompi yako na flota yako zinajua tablo yako. Flota ni rezistansi tu, tanki ikiwa na kimo kingine ao flota ikiwa ya aina ingine, mshale utakudanganya: utaonyesha robo wakati iko tupu, na utabaki hapa Mugunga usiku ukiita moto (pikipiki) ikulete esansi ya chupa.

Ila lazima tundu likutane. Hesabu bolti za mufuniko wa pompi, pima upana wa tundu, na pima kimo toka juu mpaka chini ndani ya tanki, mita ya fundi seremala inatosha. Pompi ikiwa fupi kuliko kimo inaacha esansi chini, ikiwa ndefu haifungi. Kama unachukua flota ya okazyo basi, pima zote mbili na multimeta, flota juu, flota katikati, flota chini, namba zikikaribiana iko muzuri, zikiwa mbali acha.

Mpira wa kuziba wa pompi ununue mpya. Huu si mahali pa okazyo. Na durite, usikubali ya maji, esansi inaifurisha na kuilainisha, tafuta ya esansi ya presha juu pompi ya gari ya injeksyo inasukuma karibu bari 3.

Kubaki na yako

Bado kuna njia ya tatu, na mara ingine njo muzuri kuliko zote mbili: kutengeneza yako. Kama kioo na sumaku zinaonyesha ndani iko safi, na tundu ni moja, ya jiwe, mahali pa wazi, tanki yako ya chuma iko na thamani kuliko ya mutu usiyejua ilikaa wapi. Haina shida ya umbo, haina shida ya bomba, inarudi mahali yake.

Lakini ninaongea kwa sauti juu ya hii: tanki tupu njo yenye kuua. Yenye imejaa esansi haina hewa ndani, yenye imemwagwa iko na mvuke na hewa, na mvuke wa esansi ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 mu hewa unawaka na cheche moja tu. Kumwaga na kuacha juani siku mbili haitoshi, kutu na mishono vinashika esansi na joto ya kuchomea inaitoa. Fundi yenye anajua anaosha na maji moto na sabuni mara kadhaa, kisha anajaza maji mpaka karibu na tundu ili pabaki nafasi ndogo sana ya hewa, na anaacha mdomo wazi. Ukimwona anawasha chalumo bila ile kazi, ondoka pale na uwaambie na watoto ba garaji waondoke. Kusugua sabuni ya kipande ku tundu ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Ile ya kutengenezesha mpya ku mutu wa mabati, ya kupiga kabisa toka ku kipande cha bati: kwa jenereta sawa, kwa kamyo ya zamani sawa. Kwa gari ya injeksyo hapana. Haina ukuta za ndani za kuzuia esansi isiruke ku kona, pompi inameza hewa, haina valvu ya mvuke, na bati yenyewe ya kawaida inaoza kuliko ile yenye ulitoa.

Kwa hiyo mwenye tundu moja na ndani safi, atengeneze. Mwenye kutu ndani, ao mishono imefunguka, ao plastiki imepasuka, atafute ya code yake na asubiri ata wiki mbili tatu, aulize na ng'ambo, Gisenyi, Bukavu, Kampala, na namba ya 77001 mu mkono. Ya gari ndugu ninaikubali paka pale katalogi inaandika namba moja kwa gari zote mbili, na hiyo inatokea sana, Premio na Allion kwa mfano ni gari moja kwa mambo mingi ya chini. Hapo undugu wake umeandikwa, si wa kinywa.

Mwenye Land Cruiser HZJ78 ongeza swali moja: zingine ziko na tanki mbili na swichi ya kuchagua. Sema wazi unataka ya mbele ao ya nyuma.

Siku ya kuweka, usijaze mara moja. Tia lita tano, washa, inama uangalie chini wakati pompi iko na presha. Kisha jaza mpaka juu kabisa na ulale nayo inje, mbali na jiko, juu mpira wa pompi na bomba ya kujazia viko juu na havivuji mpaka esansi ivifikie. Asubuhi angalia chini ya gari kabla ya kumlipa fundi nusu yenye ilibaki.